Mtegemezi wa Sajenti

Mwaka ule nilianguka mara tatu ndani ya shamba langu mwenyewe, na kwa mtu wa Matiri hilo si jambo la kusimulia mbele za watu. Shamba letu liko kwenye mteremko, na sisi Wamatengo mteremko tunaulima kwa ngolo: mashimo ya duara, kila shimo limezungukwa na matuta ya udongo yaliyofunika majani, na mtu anatembea juu ya matuta hayo kama anavyotembea uani kwake. Mama alinibeba mgongoni akipanda maharage juu ya matuta hayohayo. Mguu wa mtu wa kwetu unajua wenyewe pa kukanyaga.

Mara ya kwanza nilisingizia mabuti ya mpira. Mara ya pili mvua ilikuwa imenyesha, nikasingizia mvua. Mara ya tatu jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, udongo mkavu, na mimi nilikuwa nimebeba kikapu cha kahawa mbivu kutoka upande wa juu. Nilikanyaga hewa kushoto kwangu nikatumbukia shimoni na kikapu changu. Kaka yangu mkubwa, ambaye shamba lake linapakana na langu, alikuja akasimama juu ya tuta akanitazama huku ninaokota kahawa.

"Mdogo wangu," alisema, "hata saa nne haijafika."

Nilielewa alichomaanisha. Sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai.

Yalikuwepo na mengine. Kwenye msiba mmoja kijijini nilimpita mzee wa ukoo aliyekaa kwenye kigoda kando ya njia, sikumwamkia. Niliambiwa baadaye. Sikumwona. Sokoni niligonga meza ya mama muuza nyanya, na juma lililofuata nikaigonga tena, ileile. Watu wakagawanyika katika maelezo yao. Wengine walisema nimeanza pombe. Wengine walisema ni majivuno, kwamba mtu ambaye mke wake ni mwanajeshi hawezi tena kusalimia wakulima. Katekista, mtu mpole sana, aliniita baada ya misa akaniuliza kama kuna jambo linalonisumbua moyoni. Nikamwambia hakuna. Hilo pia lilichukuliwa kuwa ushahidi.

Lazima niseme kuhusu mke wangu. Yeye ni Mnyasa, wa huko chini ziwani, Mwanglikana hadi tulipofunga ndoa, na alikuwa ameingia jeshini kabla sijamwoa. Wakati wa mambo haya alikuwa sajenti, katika kambi iliyo mbali na mkoa wetu. Mimi nilibaki Matiri kwa sababu ya mibuni ya baba, na kwa sababu ya baba mwenyewe, ambaye miaka yake ya mwisho alikuwa kipofu na hakukuwa na mtu mwingine wa kukaa naye. Baba alipofariki nilikuwa nimeshazoea kubaki. Mabinti zetu wawili walikuwa shule ya bweni. Mke wangu alikuja likizo, akaenda, akaja tena. Watu walizoea, au waliacha kusema mbele yangu.

Kaka ndiye aliyempigia simu. Alimwambia, "Shemeji, njoo umwangalie mumeo, pombe inammaliza." Mke wangu hakunipigia kuniuliza. Aliomba likizo akaja.

Siku mbili za kwanza hakusema lolote. Alinipikia, akafua, akanitazama. Nilihisi ananinusa kila nilipoingia mlangoni. Asubuhi ya tatu alitoa kiti cha jikoni akakiweka katikati ya uwanja.

"Baba watoto, kaa hapa."

Nikakaa. Akasimama mbele yangu hatua mbili, akiwa na gunzi la hindi mkononi.

"Niangalie puani. Usihamishe macho hata kidogo. Ukiliona gunzi, sema."

Alinyoosha mkono pembeni, akaanza kulileta gunzi taratibu kutoka usawa wa sikio langu. Upande wa kulia nilisema nimeliona, na sauti yake haikubadilika. Upande wa kushoto nilingoja. Nilidhani bado hajaanza. Nilisema "sasa" wakati gunzi lilikuwa karibu kunigusa shavu. Akarudia. Akarudia tena kwa mkono mwingine ili asijidanganye. Kisha akalitupa gunzi kwa kuku, akaingia ndani, akakaa humo muda kama wa kuchemsha maji. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

"Nani mwingine anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba huoni."

Nikamwambia ninaona. Nikamwonyesha mbuzi wa jirani kwenye kilima cha ng'ambo, nikamtajia na rangi ya kamba iliyomfunga. Ilikuwa kweli, kilichokuwa mbele yangu nilikiona kama zamani. Akanieleza kwamba kikosini kwao wanapimwa macho kila mwaka kabla ya kwenda kwenye shabaha, na kwamba kipimo cha gunzi alikiona kwa muuguzi wa kambi, ila yule alitumia kalamu nyekundu.

"Kadi yako iko wapi?"

Kadi ilikuwa ndani ya sanduku, kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha ndoa. Jeshi lilikuwa limezikatia familia za askari bima ya afya, na sisi tulikuwa na kadi zetu, mimi na mabinti. Za mabinti zilikuwa zimechakaa kwa malaria na meno. Yangu ilikuwa inang'aa. Sikuwahi kuitumia. Nikiumwa nilinunua vidonge duka la dawa, au nilingoja ugonjwa uchoke. Nikiulizwa nilisema siumwi mara kwa mara. Ukweli ni kwamba juu ya kadi ile, chini ya picha yangu, palikuwa na neno "mtegemezi", na nilikuwa nimeamua siku ilipofika kwamba neno hilo halitasomwa na mtu yeyote kwenye dirisha lolote.

Mke wangu aliitoa kadi kwenye bahasha, akaisoma pande zote mbili kana kwamba ni mara ya kwanza, akaitia mfukoni mwake.

Tulikwenda Mbinga mjini, kwenye hospitali ambayo daktari wa macho hufika siku maalumu. Yeye alivaa kitenge, mimi koti la misa. Alinipa kadi mlangoni akakaa kwenye benchi la nyuma. Nadhani alitaka niende mwenyewe dirishani, na nadhani alijua kwa nini.

Aliyekuwa kwenye dirisha la bima alikuwa binti wa umri wa kuweza kuwa mwanangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akaichukua kadi, akaandika kwenye kompyuta yake. "Baba, uko kikosi gani?"

"Mimi si askari."

"Umestaafu?"

"Hapana."

Akaangalia tena. "Mwanachama mwenyewe ni nani basi? Ni kijana wako?"

"Mke wangu."

Kioo cha dirisha kilikuwa kinene na kitundu chake kiko chini. Hakusikia. Akainama akatega sikio.

"Nani?"

"Mke wangu ndiye askari," nikasema kwa sauti. "Mimi ni mtegemezi."

Nyuma yangu palikuwa na foleni. Mtu mmoja alicheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka akisikia jambo jipya. Mwingine akasema, "Duh, na anapiga saluti nyumbani?" Nilijua mke wangu amesikia. Sikugeuka. Niliangalia tangazo ukutani linaloeleza namna ya kunawa mikono, nikalisoma lote.

Binti wa dirishani hakucheka. Alisema kadi hai, ila alama za vidole vyangu hazijawahi kuchukuliwa kwa sababu kadi haijawahi kutumika, na kwa hiyo anahitaji uhakiki wa mwanachama. Kama mwanachama yuko mbali, ni barua kutoka kwake. Nikamwambia yuko kwenye benchi. Mke wangu akaja, akataja namba yake ya jeshi bila kusoma popote, akaweka kidole, mimi nikaweka changu. Ikachukua chini ya saa moja.

"Bima inalipia nini?" mke wangu alimuuliza.

"Kumwona daktari, kupima uwezo wa kuona, kupima presha ya macho, kuangalia ndani ya jicho. Dawa zilizo kwenye orodha. Vipimo vya mashine kubwa ni kwa rufaa na kibali."

"Na miwani?" nikauliza mimi.

"Miwani ipo baba, daktari akiandika. Nayo inaombewa kibali."

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilikuwa nimeshajiona na miwani. Nilimjua mwalimu mmoja mstaafu wa Mkumbi ambaye tangu apate miwani watu walimpisha njiani. Nilidhani miwani ingenisafishia jina: aliyeanguka alikuwa haoni vizuri, sasa ana miwani, basi.

Muuguzi alinisimamisha mbele ya kibao cha herufi zinazoelekea pande mbalimbali, akafunika jicho moja. Nikaonyesha kwa mkono juu, chini, kushoto, kulia, hadi mstari wa karibu na mwisho. Jicho la pili vilevile.

"Macho yako mazuri baba," alisema, akiandika.

Nikamtazama mke wangu. Nilikuwa tayari kuinuka na kwenda kumtafuta kaka yangu nimwambie. Mke wangu akasema, "Dada, tafadhali, hebu mpime na pembeni."

Muuguzi akanyoosha vidole, akaacha kuandika, akatupeleka kwa daktari.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alinitia tone la ganzi, akagusa kila jicho kwa kifaa kidogo, akasoma namba akaziandika. Akanitia matone mengine ya kupanua mboni, nikakaa nje nusu saa, mwanga wa uwanjani ukiniumiza na nyuso zote zikiwa maziwa. Nilipoitwa tena alinimulika kwa taa yenye mstari mwembamba, kidevu kikiwa juu ya chuma. Alikaa kwenye jicho la kushoto muda mrefu.

"Kwenu kuna aliyepofuka?"

"Baba yangu. Lakini yeye ilikuwa mrututu."

Mrututu ni ile dawa ya bluu tuliyokuwa tunanyunyizia kahawa. Baba aliinyunyizia maisha yake yote kwa bomba la mgongoni bila kufunika uso, na macho yake yalipokufa kila mtu Matiri alijua sababu.

"Alianza kwa kujikwaa?"

Baba alianza kwa kumwaga vitu. Aligonga kikombe chochote kilichokuwa kushoto kwake. Alikanyaga vifaranga. Tulimkasirikia. Kaka alimwambia mbele yangu kwamba anafanya makusudi ili ahudumiwe, na mimi nilikuwepo sikumtetea, kwa sababu nilidhani huenda ni kweli. Hayo yaliendelea muda mrefu kabla hajasema mwenyewe kwamba haoni.

"Ndiyo," nikasema. "Alijikwaa."

Daktari akanieleza. Presha ya macho inabana mshipa ulio nyuma ya jicho. Haiumi. Inaanza kula pembeni, mtu anaendelea kuona mbele, anasoma, anatunga uzi kwenye sindano, na huku ukuta unasogea. Mtu akija hospitali kwa kuona giza mbele, anakuwa amechelewa sana. Ugonjwa huu hutembea kwenye damu ya familia. Mrututu haukuhusika.

"Kilichokwenda hakirudi," alisema. "Tunalinda kilichobaki. Tone moja kila jicho, kila siku jioni, maisha yako yote. Na kupimwa kila baada ya miezi michache."

"Na miwani?"

"Miwani ya nini? Unachokiona unakiona vizuri."

Akaongeza kwamba kaka, dada na watoto wangu wote wapimwe. Akatuandikia rufaa ya kipimo cha mashine Songea, ambacho kibali chake kilitoka baada ya siku chache, na huko nikakaa mbele ya bakuli jeupe nikibonyeza kitufe kila nilipoona kinuru. Karatasi waliyotupa ilikuwa na picha ya macho mawili. La kulia lilikuwa na kivuli ukingoni. La kushoto lilikuwa jeusi zaidi ya nusu. Mke wangu aliikunja karatasi ile mara nne akaitia kwenye pochi yake, na hakuitoa tena mbele yangu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo lilikuwa limepangwa kabla ya haya. Mkataba wa mke wangu ulikuwa umebakiza miezi. Tulikuwa tumekubaliana asiongeze. Angerudi nyumbani, angechukua samaki kwao ziwani, usipa wakavu na mbasa, na kuwauza Mbinga sokoni ambako watu wa milimani hawashibi samaki. Mahali pa banda palikuwa pameshaonwa. Tulikuwa tumelizungumza jambo hilo likizo baada ya likizo, hadi mabinti wakaanza kusema "mama akirudi" kama watu wanavyosema "mvua zikianza."

Siku mbili kabla ya likizo kwisha tulikuwa barazani tunachambua maharage. Akasema bila kuinua kichwa:

"Nitaongeza mkataba."

"Kwa sababu ya matone?"

"Kwa sababu ya matone, na vipimo, na watoto ambao hatujui macho yao. Nimeuliza ofisini kwetu. Nikitoka sasa, kadi inatoka na mimi. Nikifika umri wa kustaafu kabisa, hapo kuna utaratibu mwingine."

"Dawa tutanunua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tutakapoweza."

"Hiyo ndiyo shida," alisema. "Kahawa ikikubali utatia dawa, kahawa ikikataa utasema juma hili niruke, jicho haliumi. Nakujua. Kadi uliificha kwenye sanduku wakati ni bure."

Nikamwambia sitaki mke aliyekaa kambini kwa ajili ya chupa ndogo kama kidole. Akasema yeye hataki kumshika mkono mume wa miaka hamsini kwenda chooni. Nilikasirika, na nilijua kwamba aliyestahili kukasirika alikuwa yeye, kwa sababu banda la samaki lilikuwa lake na kurudi kulikuwa kwake. Tukamaliza maharage. Jioni alinifundisha kutia tone: kichwa nyuma, kope la chini livutwe, usiguse jicho kwa ncha ya chupa, ubane kona ya jicho kwa kidole. Alinifundisha kama wanavyofundishwa makuruta, mara tatu, ya tatu nikifanya mwenyewe. Aliporudi kambini alisaini.

Kaka nilimwendea wiki hiyohiyo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nasikia mmetoka Songea."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa anakaza mpini wa jembe.

"Kumbe hukunywa," alisema mwishoni.

"Sikunywa."

"Mimi nilisema nilichokiona." Hakuomba radhi, na sikuitegemea, yeye ni mkubwa wangu. Alipokaza mpini akauliza, "Na baba?"

"Ni hiihii. Si mrututu."

Akaweka jembe chini. Nikajua anakumbuka vikombe. Nikamwambia daktari amesema na yeye apimwe. Akasema yeye haoni tatizo lolote, kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe una mke mwenye kadi."

Hilo lilikuwa kweli. Kadi ilikuwa na nafasi ya mume na watoto. Ndugu wa mume hawamo. Niliondoka, na miezi miwili kaka hakwenda popote.

Mama mkwe ndiye aliyetoa njia. Alipiga simu kutoka ziwani, kijiji kisicho mbali na Mbamba Bay, akasema kanisani wametangaza kwamba wataalamu wa macho watakuja kituo cha afya kwa siku tatu, wanapima yeyote bila malipo. Nikampelekea kaka habari hiyo. Nilidhani atakataa. Alisema hajawahi kulala ziwani na angependa kuona mibuni haioti namna gani huko.

Tulishuka. Kaka alilalamikia joto, alilalamikia ugali wa muhogo, kisha akala mbasa wa kuchoma wawili na hakulalamika tena. Mama mkwe alimpa kiti chenye mgongo. Asubuhi tulikwenda kituoni, tukakaa kwenye mstari pamoja na wavuvi na bibi zao, ziwa likiwa chini yetu limetulia kama sahani. Kaka alipoitwa aliniambia nibaki nje. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka mboni zilikuwa zimepanuliwa, akajifunika macho kwa mkono, ikabidi nimshike kiwiko.

"Presha iko juu," alisema. "Lakini mshipa bado mzima. Wamesema nimewahi."

"Umewahi."

"Wewe ulianguka, mimi nimewahi."

Tulikaa kwenye ukuta wa kituo hadi mwanga ukaacha kumsumbua.

Walimpa chupa moja na karatasi ya kununulia nyingine. Chupa ilipokwisha ulikuwa msimu wa kupanda, na kaka hakwenda mjini. Nilimkuta hana dawa kwa wiki ya pili. Nikatoa yangu. Jioni ile nilimtia mwenyewe, na jioni zilizofuata nilipita kwake kabla ya chakula. Nilijua chupa yangu ilipewa mtu mmoja kwa siku zilizohesabiwa. Nilijua pia mahali nilipokuwa nimesimama baba alipokuwa akisemwa. Chupa ikaisha mapema. Nilipokwenda dirisha la dawa waliniambia tarehe yangu haijafika, mfumo haukubali. Sikuwa na cha kujitetea, walikuwa sahihi. Nikakaa siku tisa bila tone, na mke wangu akipiga simu akiuliza "umetia?" nilijibu "nimetia."

Katika kipimo kilichofuata presha ya jicho la kulia, lile zuri, ilikuwa imepanda. Daktari aliniuliza mara moja tu. Nikamwambia yote, kaka na siku tisa.

Hakunifokea. Akasema dawa yangu ni ya mara moja kwa siku na ni ghali, lakini ipo ya zamani, ya asubuhi na jioni, ambayo kaka anaweza kuimudu na inapatikana hata kwenye maduka ya kawaida mjini. "Mlete hapa kwa kliniki," alisema, "nimwangalie kifua kwanza, kwa sababu hiyo haiwafai wenye pumu. Na wewe, chupa yako ni yako. Ukiigawa mtapofuka wawili."

Kaka hana pumu. Anatia asubuhi na jioni. Shemeji yangu, mke wake, amefunga kichupa kile kwenye kitambaa na kukining'iniza juu ya mlango wa jiko ili mtu asitoke bila kukiona.

Kwa mke wangu nilisema kweli kwa simu. Kisha akasema, "Ungeniambia ningekutumia za kumnunulia kaka." Nikamwambia najua, ndiyo sababu sikusema. Akasema hiyo si sababu, hiyo ni kichwa kigumu, na akakata. Kesho yake alipiga kama kawaida.

Sikumwomba tena arudi. Nilifikiri kwamba nitazoea kuwa mtu ambaye macho yake yanalindwa na gwaride la mtu mwingine, na nimezoea kiasi. Kuna siku nikisaini fomu ya kliniki naandika neno mtegemezi kama mtu anavyoandika jina la kata. Kuna siku mkono unakaa kidogo juu ya karatasi kwanza. Watu wa Matiri wameacha kusema nakunywa. Wakinipita upande wa kushoto sasa hukohoa, au huniita kabla hawajafika, na mimi huamkia wote, hata wadogo zangu kwa makosa.

Mabinti walipofunga shule Desemba niliwapeleka wote wawili. Mkubwa anafika begani kwangu; mdogo alikuwa na hofu ya tone la ganzi, akatiwa huku amenishika koti, kisha nikatoka. Daktari alipima, akamulika, akaandika. Nilikaa nje kwenye benchi lilelile la watu wote nikiangalia mlango. Walitoka wakigombania nani amesoma mstari wa chini zaidi.

Daktari alisema presha zao ni nzuri na mishipa ni mizima, na kwamba waje kila mwaka bila kukosa.

Nikampigia mama yao tukiwa bado uwanjani. Alipokea baada ya mlio wa kwanza. Nyuma yake mtu alikuwa anatoa amri na buti nyingi zinagonga chini kwa pamoja.

"Wazima?" aliuliza.

"Wazima."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Akasema "haya", akarudia "haya" tena, kisha akaniomba nimpe mkubwa simu.